Kutoka Mswaki wa Plastiki Kurudi kwa Mswaki wa Mti: Mwongozo Kamili kwa Wakaazi wa Mombasa

Mswaki ni mti. Wataalamu wa mimea huuita Salvadora persica, na humea penye ukame: Tana River, Garissa, nyika za Taita Taveta kuelekea Tsavo. Wazee wetu walikata tawi lake au mzizi wake, wakatafuna ncha mpaka ikachanua, wakasugua meno. Kile kifaa cha plastiki kilipoingia madukani hakikuja na jina lake, kilipewa la mti. Mswaki wa kwanza wenye nyuzi za nailoni ulianza kuuzwa Marekani mwaka 1938. Kabla ya hapo, miswaki ya kizungu ilitengenezwa kwa nywele za nguruwe, jambo nitakalolirudia mbele kwa sababu kwa wengi wetu hapa lina uzito wake.

Nimeanza na hilo kwa kuwa watu wakinisikia nimeacha mswaki wa plastiki hudhani ni mambo niliyoyaokota kwa watalii, na hali mswaki wa mti unauzwa nje ya misikiti yetu tangu tukiwa watoto. Ila kurudi kwake kuna kazi. Mimi nilikosea mengi: nilitoa damu ufizi, nilinunua mpini wa mianzi ukaota ukungu, nilidanganyika na maandishi ya paketi. Mti hauna kosa. Kosa huwa la mkono unaoushika, na mkono hufundishika. Mwongozo huu ni wa kuufundisha.

Hesabu kwanza. Madaktari wa meno hushauri mswaki ubadilishwe kila baada ya miezi mitatu hivi. Hiyo ni minne kwa mwaka kwa mtu mmoja. Nyumba ya watu sita hutupa 24 kwa mwaka, na 240 kwa miaka kumi, yote ikiwa ni kitu kisichooza. Mingine huishia jaani, mingine mifereji ikifurika mvua za masika huipeleka baharini. Maji yakipwa, tembea ufuoni uangalie vizuri kwenye mwani: utauona mpini, nyuzi zimeshapotea, rangi imefifia, plastiki yenyewe ingali nzima.

Tusingoje sheria itusaidie hapa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika maeneo yaliyohifadhiwa, hifadhi ya bahari ya Mombasa ikiwemo. Mswaki haumo katika marufuku hizo. Uko bafuni kwako, na ni wewe utakayeutoa.

Hatua ya 1: Usitupe ulio nao

Wengi wakishapata hamu ya kubadilika hukusanya miswaki yote ya nyumbani wakaitia kwenye pipa. Hapo umezalisha taka siku ileile uliyoapa kuzipunguza. Maliza miezi mitatu ya huo ulio nao. Utauhitaji pia katika wiki za kujifunza, kama nitakavyoeleza.

Ukishachakaa, uoshe kwa maji moto na sabuni, uukate alama kwenye mpini ili mtu asiutie mdomoni kwa bahati mbaya, kisha uuhamishe jikoni. Wangu mmoja una miaka mitatu sasa na kazi yake ni kusafisha mbuzi ya nazi. Hakuna kitu kinachoingia katikati ya meno ya mbuzi kama nyuzi za mswaki. Mwingine husafisha matundu ya jiko la gesi. Fundi cherehani mtaani kwetu aliniomba mmoja wa kutolea vumbi la nyuzi chini ya bamba la mashine.

Usiuchome. Plastiki ikichomwa uani hutoa moshi wenye sumu, na wa kwanza kuuvuta ni watoto wako. Wala usitegemee waokotaji wa plastiki: wao hununua chupa na madumu kwa kilo, lakini mswaki una mpini wa polipropilini, mara nyingi raba juu yake, nyuzi za nailoni, na vipande vidogo vya chuma vinavyoshikilia vishungi. Kuvitenganisha ni kazi isiyolipa.

Hatua ya 2: Amua njia yako

Njia ni tatu. Ya kwanza ni mti peke yake. Ya pili ni mswaki wa mpini wa mianzi. Ya tatu, ambayo ndiyo ninayoifuata na ndiyo ninayoipendekeza kwa aliyezoea plastiki tangu utotoni, ni kuchanganya: mti mchana kutwa, mianzi usiku kabla ya kulala. Sababu yake utaiona nikifika kwenye sehemu ya ndani ya meno.

Hatua ya 3: Kununua mswaki wa mti

Hapa usiharakishe, maana mswaki mbaya ndio unaowafanya watu waseme wamejaribu wakashindwa.

Wauzaji hawapotei Mombasa. Wapo nje ya misikiti, hasa Ijumaa na mwezi wa Ramadhani, wapo Mji wa Kale, wapo pembezoni mwa Marikiti. Mzee ninayenunua kwake hutandaza gunia lililoloweshwa maji, akapanga vijiti juu yake na kuvifunika nusu. Siku ya kwanza nilimuuliza, "Ami, hii ni ya lini?" Hakunijibu. Alichukua kimoja, akakwangua ganda kwa ukucha, akaninyooshea. "Nusa kwanza, mwanangu." Harufu ilinipanda puani kali, kama haradali. Akasema, "Ukinusa ukasikia kuni, rudisha."

Sijapata kipimo bora kuliko hicho. Ule ukali ndio dawa yenyewe: mti huu una kemikali jamii ya ile inayoipa haradali ukali wake, nayo hupambana na bakteria. Mswaki uliokaa sana juani umepoteza ukali, umebaki ubao.

Angalia na haya. Unene uwe kama wa kidole chako kidogo. Mwembamba sana hukatika nyuzi, mnene sana hauingii nyuma ya magego. Urefu shubiri moja unatosha. Upinde kidogo: mbichi hunepa, mkavu huvunjika tap. Ndani pawe peupe au rangi ya krimu. Ukiona madoa meusi au ukungu uuache. Wa mzizi huwa laini kuliko wa tawi, na kwa anayeanza ni bora. Lakini mimi siku hizi huuliza wa tawi, kwa sababu mti uliokatwa tawi huchipua tena, na uliofukuliwa mizizi kila mara hufa.

Mimi hulipa kati ya shilingi 20 na 50 kwa kimoja, kutegemea unene, nacho hunifikisha wiki mbili hadi tatu. Nunua viwili au vitatu tu kwa wakati mmoja. Na jihadhari na ile inayotoka ng'ambo imefungwa moja moja ndani ya nailoni ngumu. Mti wenyewe ni mzuri, ila umekimbia plastiki ukainunua tena kama kifungashio.

Miti mingine ipo. Mwarobaini umejaa Mombasa, na kijiti chake hutumika vilevile. Ni mchungu, una nyuzi ngumu kidogo, na bure ukiwa nao uani. Usikate wa kando ya barabara kuu, umejaa vumbi na moshi wa magari. Mizizi ya mdaa, ileile inayotumika kutia ukili rangi, wengine huitumia pia, nayo huacha wekundu mdomoni. Lakini usikate mti usioujua. Mnyaa unaopandwa kuwa ua la boma una utomvu mweupe unaounguza ngozi na unaoweza kuharibu macho, na kwa mtoto asiyejua, kijiti ni kijiti.

Hatua ya 4: Kuuandaa

Uoshe kwa maji safi. Kwa kisu kikali, ondoa ganda kwenye ncha moja tu, kiasi cha sentimita moja, yaani upana wa ukucha wa gumba. Wanaoanza humenya sana, wakapata nyuzi ndefu zinazolegea na kukatikia mdomoni. Sentimita moja basi.

Kama umekauka kidogo, simamisha ncha hiyo kwenye kikombe chenye maji kidogo kwa saa chache. Usiuache wote majini usiku na mchana, utachacha. Wengine hutia maji ya marashi badala ya maji ya kawaida. Ni utamu wa pua tu, hakuna ubaya.

Kisha utafune ncha kwa magego, polepole, ukiuzungusha. Usiung'ate kwa meno ya mbele. Maji ya kwanza yatakuja makali na machungu, yateme. Baada ya dakika moja au mbili nyuzi zitaanza kuachana, na ukiutoa utaona umechanua kama brashi ya fundi rangi. Kama bado kuna kiini kigumu katikati, endelea. Kiini kigumu ndicho kinachochoma ufizi.

Hatua ya 5: Kusugua

Hii ndiyo roho ya mwongozo wote, na ndiyo iliyonishinda miezi ya mwanzo.

Mshiko wa zamani ni huu: kidole kidogo chini ya kijiti, gumba chini karibu na ncha, vidole vitatu vya katikati juu. Ukiushika hivyo, mkono hauwezi kutia nguvu nyingi, na nadhani ndiyo siri yake. Mimi nilikuwa nikiushika ngumi, kama ninavyoshika mwiko, nikisugua kwenda na kurudi kama msumeno. Siku ya nne ufizi wa juu kushoto ulikuwa umevimba na mate yana damu. Nikalaumu mti. Mama yangu alinitazama nikisugua, akaniuliza kama ninasafisha meno au ninapara samaki.

Madaktari wameona kwa watumiaji wengi wa mswaki wa mti ufizi kurudi nyuma na mzizi wa jino kuonekana, hasa kwa wanaosugua kwa nguvu. Ufizi ukirudi nyuma hauoti tena. Kwa hiyo jipime: bonyeza ncha ya mswaki juu ya ukucha wa gumba kwa nguvu unayotumia mdomoni. Ukucha ukigeuka mweupe, umezidisha.

Mwendo ni kutoka ufizini kwenda ncha ya jino. Meno ya juu, vuta chini. Meno ya chini, vuta juu. Unalisafisha jino moja baada ya jingine, kwa sababu ncha ya mti ni ndogo kuliko kichwa cha mswaki wa plastiki na haiwezi kufagia matatu kwa pamoja. Ndiyo maana mti unahitaji muda zaidi. Wa plastiki huambiwa dakika mbili. Kwa mti nipe tano. Mimi husugua huku nikisubiri chai iive.

Gawa mdomo mafungu manne na uyafuate kwa mpangilio uleule kila siku: juu kulia, juu kushoto, chini kushoto, chini kulia. Kila fungu lina nje, ndani, na juu ya magego pale pa kutafunia. Bila mpangilio mkono huenda panapoonekana kiooni, yaani meno ya mbele ya nje, ukaacha kwingine kote.

Sasa sehemu ya ndani. Kijiti kimenyooka, na nyuma ya meno hapajanyooka. Hapa ndipo ukoga unapojificha, na ukoga ukikaa hukauka ukawa mgumu kama chokaa, usitoke tena kwa mswaki wa aina yoyote. Njia mbili zinasaidia. Ya kwanza, baada ya kuchanua nyuzi, zikandamize kwenye ncha ya gego mpaka zipinde pembeni kama jembe. Ya pili, weka kijiti kingine kifupi na chembamba, nusu shubiri, kwa kazi ya ndani tu. Kwa meno ya mbele ya chini, kisimamishe wima nyuma ya jino kisha vuta juu.

Katikati ya jino na jino mti hauingii, kama ambavyo plastiki nayo haiingii. Tumia njiti laini ya mbao au uzi, taratibu.

Hatua ya 6: Kuutunza katika hewa ya Mombasa

Unyevu wetu hauna huruma. Kitu chochote cha mti kikifungiwa bafuni bila upepo, wiki moja kimeota ukungu. Baada ya kusugua, suuza nyuzi, kung'uta, simamisha mswaki ncha juu kwenye kikombe kilicho wazi, mbali na choo, karibu na dirisha. Usiutie kwenye mfuko wa nailoni wala kopo lenye kifuniko. Ukiubeba kazini, ufunge kwenye kitambaa safi cha pamba.

Kata nyuzi zilizochakaa kila siku, au kila zinapopoteza ladha, umenye sentimita nyingine. Ladha ndiyo saa yako. Nyuzi zilizofifia hazina dawa na zimejaa vijidudu. Ukibaki mfupi kuliko kidole cha kati, utupe kwenye chungu cha maua, utaoza.

Dawa ya meno usiiache

Naomba hapa unisikilize vizuri, maana kuna maneno mengi mtaani. Mti wa mswaki una vitu vya manufaa: silika inayong'arisha, tanini inayokaza ufizi, ule ukali unaopambana na bakteria. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza matumizi yake mwaka 1986 kwa jamii ambazo ni desturi yao, na ripoti ya kimataifa ya wataalamu wa usafi wa kinywa ya mwaka 2000 ikasema utafiti zaidi unahitajika. Yaani ni kifaa cha kweli cha usafi. Lakini floraidi iliyomo ndani yake ni kidogo, na floraidi ndiyo inayolinda enameli, lile gamba gumu la nje, isitobolewe na asidi ya bakteria. Sisi ni watu wa chai ya sukari, kaimati, haluwa na soda baridi. Tunaihitaji.

Kwa hiyo usiku, kabla ya kulala, tumia dawa ya meno yenye floraidi. Watu wazima huhitaji yenye kiwango cha 1,000 hadi 1,500 ppm, na huandikwa kwenye tyubu. Tema, usisukutue kwa maji mengi, ili ibaki kwenye meno. Tyubu nayo ni plastiki, ndiyo. Nunua kubwa, uikate kwa mkasi ikiisha, utakuta dawa ya siku nne tano ndani. Afadhali tyubu moja kuliko gego lililotoboka.

Na mkaa wa kusaga pamoja na chumvi ya mawe, ambao nimekua nikiona watu wakiutumia, uache. Chembe zake hukwangua enameli. Meno huonekana meupe mwezi wa kwanza, kisha hugeuka manjano kwa sababu umefika tabaka la ndani.

Mswaki wa mianzi, na swali la nyuzi

Madukani siku hizi utakuta miswaki ya mpini wa mianzi kwenye kiboksi cha karatasi, imeandikwa kuwa ni ya asili na inaoza. Mpini, ndiyo. Nyuzi, karibu kila mara ni nailoni. Nilinunua wa kwanza wangu nikiamini utaoza wote, nikauzika kwenye chungu cha mchicha ulipochakaa. Miezi minane baadaye nilichimbua: mpini umekuwa laini kama keki iliyolowa, na kishungi cha nyuzi kimekaa vilevile, cheupe, kila uzi mahali pake.

Nyingine huandikwa kuwa nyuzi zake zinatokana na mafuta ya mbarika. Ni bora kidogo kwa kuwa chanzo chake si petroli, lakini matokeo bado ni nailoni na haiozi.

Mswaki usio na plastiki kabisa kwa kawaida huwa na nywele za mnyama, na mnyama huyo mara nyingi ni nguruwe. Kwa Mwislamu hilo si jambo dogo, na maandishi ya paketi hayasemi wazi kila mara. Mimi hupima hivi. Ng'oa uzi mmoja kwa kibanio, toka nje, uwashie kiberiti. Nailoni hujikunja, ikayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Nywele ya mnyama huungua ikanuka ukucha uliochomwa, ikabaki jivu linalopukutika. Ikinuka hivyo na paketi haisemi ni mnyama gani, mimi siitii mdomoni. Muulize muuzaji, na akikosa jibu, mrudishie.

Basi kwa nini nautumia wa mianzi wenye nailoni usiku? Kwa sababu kichwa chake hufika ndani ya magego, hubeba dawa ya meno vizuri, na plastiki iliyobaki ni vishungi vidogo tu badala ya mpini mzima. Chagua nyuzi laini. Kabla ya kuuanza, paka mpini mafuta ya nazi kwa kidole, uache ukauke usiku mmoja, rudia kila mwezi. Hupunguza kunywa maji. Ukauke ukiwa wima. Chini ya mpini pakianza kuwa peusi, osha kwa siki, ukiendelea, badilisha. Ukiisha, ng'oa nyuzi kwa plaisi utie kwenye taka, na mpini uchomeke kwenye miche kuandikia jina la mmea.

Nani asiharakishe

Mtoto wa chini ya miaka sita asipewe mti. Ufizi wake ni laini, mkono haujatulia, na akikimbia na kijiti mdomoni akaanguka, kitamchoma kooni. Mpe mswaki mdogo wenye nyuzi laini, hata ukiwa wa plastiki, na umsugulie wewe. Dawa ya meno iwe kiasi cha punje ya mchele kabla hajafika miaka mitatu, kisha kiasi cha punje ya mbaazi. Akifika miaka saba nane, mkalishe karibu nawe asubuhi akutazame. Watoto hujifunza mshiko kwa kuiga kuliko kuelezwa.

Mwenye nyaya za kunyoosha meno asitafune kijiti, zitang'oka. Mwenye meno ya bandia, vivyo hivyo. Mjamzito aepuke mwarobaini. Wa mswaki wenyewe atumie akiona unamkubali, maana ule ukali huwatapisha baadhi. Na mwenye ufizi unaotoka damu kabla hata ya kuanza, amwone daktari wa meno kwanza. Damu ya zaidi ya wiki mbili si ya kuzoea.

Kwa wanaofunga: kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi hapa pwani, kupiga mswaki baada ya jua kupinduka ni makuruhu, yaani ni bora kuepukwa, kwa aliyefunga, na asubuhi hakuna tatizo. Wapo wanavyuoni walioruhusu kutwa nzima. Muulize imamu wako.

Wiki sita za kuhama

Wiki mbili za mwanzo, usibadilishe kitu. Ongeza tu mti mara moja kwa siku, baada ya chakula cha mchana, ukiwa umekaa na huna haraka. Lengo ni mkono uzoee mshiko. Damu kidogo siku ya kwanza na ya pili hutokea. Ikizidi, punguza nguvu, si siku.

Wiki ya tatu na ya nne, asubuhi tumia mti badala ya plastiki. Usiku baki na wa zamani na dawa ya meno. Kila usiku pitisha ulimi nyuma ya meno ya chini. Pakiwa na utelezi wa ukoga, asubuhi hukufika huko, na sasa unajua pa kurudi.

Wiki ya tano, ingiza mianzi usiku, wa plastiki uhamie kwenye mbuzi ya nazi. Wiki ya sita panga mahali pa vitu: kikombe cha wazi dirishani, kisu kidogo cha kumenyea, kitambaa cha safari. Nimeona watu wengi wakirudi kwenye plastiki kwa sababu tu asubuhi hawakukiona kisu.

Ukiwa na kiwanja, hata kidogo, Kisauni au Mtwapa au Likoni, panda mti. Mwarobaini hukua haraka kwa mbegu. Mswaki wenyewe hukua polepole, lakini huvumilia ukame na hata udongo wenye chumvi, kwa hiyo karibu na bahari haukatai.

Miezi sita baadaye

Nenda kwa daktari wa meno na umwambie wazi unatumia nini. Mimi nilikwenda nikiwa na kiburi, maana kiooni meno yalikuwa yaking'aa. Daktari alitia kioo kidogo mdomoni, akanipa kingine mkononi nijionee. Nje palikuwa safi. Nyuma ya meno manne ya mbele ya chini palikuwa na ukuta mwembamba wa ukoga, rangi ya mchanga, umeganda. Ilibidi aukwangue kwa chuma. "Mswaki wako mzuri, dada," aliniambia, "ila huku nyuma hujawahi kufika." Nikarudi nyumbani, nikakata kile kijiti cha nusu shubiri nilichokitaja juu, nikakitia kwenye kikombe kando ya kirefu. Tangu siku hiyo huanzia huko nyuma, meno manne ya chini, kabla mkono haujachoka na kabla chai haijaiva.